Mahali ya Mama

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

Aliyeuliza alikuwa bibi mmoja aliyevaa gomesi, ile nguo ndefu ya heshima ya wanawake wa Kiganda, siku tulipofungua upya jumba la sanaa, miaka michache baada ya vita vya themanini na sita. Alikuwa amesimama mbele ya picha kubwa iliyotazamana na mlango, picha ya mkeka usio na mtu. Pembeni yake palikuwa na kadi ndogo niliyoipiga taipu mimi mwenyewe: *Mahali pa Mama*. Bibi aliuliza kwa Kiganda, na Kiganda changu kilikuwa cha kununulia nyanya, lakini swali hilo nililielewa. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nilikuwa nimeandika kurasa mbili nzima juu ya picha ile. Nikatabasamu kama watu wa ofisini wanavyotabasamu. Bibi akaniangalia kidogo, kisha akainama na kuchungulia pembe ya kushoto ya picha, ile yenye giza, kama mtu anayechungulia jikoni kwa jirani.

Mwenzangu alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Yeye alikuwa na jibu, na alikuwa amelisema wiki tatu kabla. Siku hiyo aliniachia mimi nijibu.

Tuliajiriwa pamoja, kwa barua mbili zilizofanana hadi sahihi. Kazi ilikuwa kuandikisha upya picha zote zilizosalia katika stoo ya jumba, kusaidia kuchagua zitakazotundikwa, na kuandika kadi zake. Barua zilisema kazi itaisha siku ya ufunguzi, na baada ya hapo atahitajika mtu mmoja tu wa kutunza orodha. Mmoja. Nilisoma mstari huo mara nyingi kuliko mstari wowote nilioupitia chuoni. Baba alikuwa Mkenya aliyekuja Kampala na kazi ya reli, akatuzalia na kutulea Makindye, na sasa reli ilipolala alikuwa ameanza kusema turudi "nyumbani", mahali ambapo mimi nilipajua kwa likizo mbili tu. Shangazi alikwisha nitafutia nafasi ya ualimu huko. Nikiipata kazi ya jumba, ningebaki. Nikiikosa, ningepanda basi na sanduku langu kwenda kufundisha watoto katika mji nisioujua hata duka lake moja. Kwa hiyo ninaposema nilimwonea wivu mwenzangu, sitaki ieleweke kama wivu wa wasichana. Ulikuwa wivu wa mtu aliyekwisha kupimwa pamoja na mwenzake kwa mizani moja.

Stoo tuliikuta katika hali ambayo Kampala nzima ilikuwa nayo wakati ule. Watu walikuwa wamelala humo wakati wa vita, nani hasa sikupata kujua, na walikuwa wamepika humo pia, kwa mkaa, madirisha yamefungwa. Picha mbili zilikuwa zimegeuzwa mlango. Moja ilikuwa meza, yenye alama ya sufuria mviringo katikati ya uso wa chifu fulani. Daftari kuu, lililokuwa na majina ya picha zote na wachoraji wao, halikuwapo. Tulipata jalada lake tu, na kurasa tatu za mwisho zisizoandikwa kitu.

Mhifadhi, mzee mwembamba aliyekuwa amelitunza jumba lile tangu kabla ya misukosuko yote, hakulalamika. Alitupa futi, brashi ndogo, chupa ya vanishi na boksi la kadi tupu, akatufundisha sheria zake. Picha huanza kusomwa kwa mgongo. Uso utakudanganya, alisema, lakini mgongo hauna haya: huko ndiko mtu huandika jina, huko misumari huonyesha imebadilishwa fremu mara ngapi, huko unyevu huacha ramani yake. Pima kwenda juu kwanza, kisha upana, na usipime fremu. Namba iandikwe pembe ya chini kwa nyuma, juu ya mstari wa vanishi, ili siku moja iweze kufutwa bila kuumiza turubai. Na jina la picha linakiliwa kama mchoraji alivyoliandika, na makosa yake yote. Ukiwa na mawazo yako, yaweke chini yake, kando, na alama ya kuuliza.

Nilimuuliza kwa nini tuhifadhi makosa. Nilikuwa nauliza kila kitu wakati ule, na bado. Akasema kosa la marehemu ni mali yake.

Njia yake ya kuchagua ilikuwa ya ajabu zaidi. Kila saa nne asubuhi alimimina chai, akatugeuzia kisogo, na sisi tukaweka picha juu ya kiti karibu na dirisha. Tukisema tayari, aligeuka na kikombe mkononi. Kikombe kikisimama njiani kabla ya kufika mdomoni, picha ilikwenda ukutani. Akinywa, ilikwenda rafuni. Na akiweka kikombe chini na kusogea karibu huku amekunja macho, ilikwenda kwenye lundo la zinazohitaji kutengenezwa, nyuma ya kabati la chuma, lundo ambalo sote watatu tuliliita Mulago, kwa jina la hospitali kuu ya Kampala.

"Na kama chai ni ya moto?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Basi picha itangoja ipoe," alisema.

Niliiona njia hiyo ni upuuzi. Nilitaka vigezo: kipindi, mtindo, umuhimu wa kihistoria. Nilimwandalia hata jedwali. Alilipokea kwa mikono miwili, akalisoma lote, akaliweka chini ya birika.

Mwenzangu hakuuliza kitu. Alimtazama mzee kwa siku tatu, na siku ya nne akaanza kunong'ona kabla hajageuka. "Ukuta." Kikombe kikasimama. "Rafu." Mzee akanywa. "Hii, Mulago," na kikombe kikashuka mezani. Hakuwa anatamba, hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anacheza, kama mtu anayekisia nani anabisha hodi. Alikosea mara chache, na akikosea alicheka. Mimi sikuwahi kupatia mara mbili mfululizo. Siku moja nyumbani niliegemeza picha za kalenda juu ya kiti, moja moja, nikageuka na kikombe cha chai mkononi kuona kama mkono wangu utasimama wenyewe. Mama akaniuliza nimepoteza nini. Chai ilimwagika, lakini hiyo ilikuwa kwa sababu ya mama.

Tena mwenzangu alikuwa na mwandiko mzuri. Namba alizoandika kwa brashi migongoni mwa picha zilikaa kama shanga kwenye uzi. Zangu zilitambaa. Mzee alinipokea brashi kwa adabu sana, akasema macho yangu yanafaa zaidi kwa taipureta, na tangu siku hiyo mgongo wa picha ukawa wake na kadi ikawa yangu. Alimwita *muwala wange*, binti yangu. Mimi aliniita Madam. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Wakati wa chakula cha mchana walikaa pamoja kwenye ngazi wakizungumza Kiganda haraka, na wakicheka nilikuwa nikifika mwisho wa kicheko kama mtu anayefika msibani watu wametawanyika. Wakanieleza kwa Kiingereza. Kichekesho kikielezwa kwa Kiingereza hakichekeshi. Nilijiuliza kama wananicheka, na nikijiuliza hivyo nilijichukia, kisha nikamchukia yeye kwa kunifanya nijichukie.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni Kiswahili. Nyumbani kwetu mama alikuwa mkali wa lugha kuliko wa usafi. Tukisema mezani "mahali yangu" alikuwa anasimamisha kijiko: si *ya*, ni *pa*. Mahali *pa*ngu. Na hatukuendelea kula hadi mwenye kosa arudie. Nje ya nyumba lugha hiyo haikuwa na heshima. Tuliishi karibu na kambi ya jeshi, na kwa majirani wengi Kiswahili kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Mwenzangu aliwahi kuniambia, bila ya kunilaumu, kwamba Kiswahili cha kwanza kusikika ndani ya nyumba yao kilikuwa neno moja, "fungua". Cha kwake alikiokota baadaye, kwa wafanyabiashara Wakenya na Wakongo waliokuwa wakinunua kwa mama yake sokoni. Kilikuwa Kiswahili cha Kampala, kila kitu *iko*, kila kitu *ya*. Nilikuwa namsahihisha. Alikuwa anarudia kwa hiari, vizuri, na dakika mbili baadaye anasema vilevile alivyosema mwanzo.

Picha ile tuliipata karibu na mwisho, imeegemezwa ukutani nyuma ya rafu ya mwisho, uso ndani. Kwa hiyo tulianza na mgongo bila kutaka. Palikuwa na maandishi makubwa ya mkaa: MAHALI YA MAMA. Hapakuwa na jina la mchoraji wala mwaka. Kwa Kiswahili, katika jumba ambalo karibu kila picha ilikuwa na jina la Kiingereza au la Kiganda. Mzee alisema zamani wanafunzi wa uchoraji walitoka pande zote za Afrika Mashariki, na wengine walitoa majina ya Kiswahili ili wenzao wayasome. Hatimaye picha inayosema nami.

Tukaigeuza. Ilikuwa chumba chenye mwanga unaoingia kwa mlango wa kulia na kuangukia mkeka mpya usio na mtu. Kando ya mkeka kulikuwa na kibuyu, kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na nguo iliyokunjwa vizuri, nyekundu. Kushoto kulikuwa giza, theluthi nzima ya picha, giza zito la kahawia, na mahali giza lilipoanzia palikuwa na ulimi mdogo wa rangi ya machungwa, kama mwali wa moto.

Tuliiweka kwenye kiti. Mwenzangu safari hii hakunong'ona. Mzee akageuka. Kikombe kikasimama njiani. Kisha, baada ya muda, akakiweka chini na kusogea.

Ukuta na Mulago kwa pamoja. Haikuwahi kutokea. Mzee mwenyewe alionekana kuchanganyikiwa. Akasema kila mmoja wetu aandike maoni yake, atayasoma Ijumaa, na kama picha itakwenda ukutani basi itakuwa ile ya mkabala na mlango. Hakutaja kazi. Hakukuwa na haja.

Mchana ule tulibaki wawili na picha, tumekaa sakafuni.

"Hii ni mauti," nilisema. "Mama amekufa. Wamebakiza mahali pake. Vitu vyake vipo, yeye hayupo."

Mwenzangu alikuwa anakula karanga. "Mama hajakufa. Mama iko ndani."

"Ndani wapi?"

"Hapo kwa giza." Akanyoosha kidole upande wa kushoto. "Hii si rangi, dada. Ni masizi. Walipika hapa. Na huo mkeka si ya mama, ni ya wageni. Vitu imetangulia, wageni bado kuingia. Angalia: pombe, nyama kwa kikapu, gomesi mpya. Na huyu," akaonyesha ule mwali wa machungwa, "ni mkia ya jogoo. Jogoo ya kaka ya msichana. Hii ni vitu ya kwanjula."

Kwanjula ni ile siku bwana anapokwenda na watu wake kutambulishwa kwa wazazi wa msichana, na kaka yake msichana hupewa jogoo. Nilikuwa nimehudhuria moja tu, nyuma, karibu na masufuria.

"Umeona jogoo," nilisema, "kwa sababu umetaka kuona jogoo."

"Na wewe umeona maiti." Akatupa ganda la karanga. "Nikuulize. Kwa Kiswahili, vitu bwana analeta kwa wazazi mnaita namna gani?"

"Mahari."

"Sema tena."

"Mahari."

"Sasa sikia mimi nikisema: mahali." Akacheka hadi akakohoa. "Sisi nyuma ya *a* hatuna *r*, dada yangu. R yetu inakuja nyuma ya *e* na *i* peke yake. Muganda akisikia neno yako hiyo, ataandika nini? Ataandika hivyo hivyo."

Hii ilikuwa lugha yangu. Kila kingine alikuwa nacho: jicho, mkono, mzee, kicheko cha kwenye ngazi, mji mzima. Sasa alikuwa ameingia chumbani kwangu na kukaa kitandani.

"Imeandikwa mahali," nilisema. "Mahali ni mahali."

"Mbona basi *ya*? Kila siku wewe unanisumbua, mahali *pa*, mahali *pa*. Kama ni mahali angeandika *pa*. Na hiyo ingine, mahari, mnasema pa?"

Mahari ya mama. Fungu la mama katika mahari. Sarufi ilikuwa sawasawa kabisa, kosa lilikuwa herufi moja tu. Niliona hivyo papo hapo. Mtu aliyejifunza kutilia shaka kila kitu angalau angesimama hapo akafikiri.

"Watu wa Kampala kila kitu kwenu ni *ya*," nilisema. "Huo si ushahidi wa kitu chochote."

Alinitazama. Hakukasirika, au hakuonyesha. Akakung'uta maganda ya karanga kutoka mapajani, akanyanyuka, akapitisha kidole chake juu ya pembe ya giza, kidogo tu, akakiangalia na kunionyesha. Kilikuwa cheusi. Kisha akaenda kuosha mikono.

Siku iliyofuata alikwenda kuchukua mbao kwa fundi seremala, na mzee alikuwa kwenye mkutano. Nilibaki peke yangu. Nilichukua pamba, nikaichovya majini, nikaikamua, nikaipitisha taratibu kwenye pembe ya chini kabisa, sehemu ndogo kama kucha. Pamba ilitoka nyeusi kama kitako cha sufuria. Na pale nilipopangusa palikuwa na kitu cheupe kidogo, au cha maziwa, sijui. Sikuangalia vizuri, kwa sababu sikutaka kuangalia vizuri. Nilijiambia rangi yoyote ya mafuta ikisuguliwa huchuja. Nilijiambia si kazi yangu kusafisha. Pamba niliitia mfukoni, nikaitupa Makindye, mbali na kila mtu, kama mtu aliyeiba yai.

Kisha nikakaa kwenye taipureta na kuandika kurasa mbili. Sijawahi kuandika vizuri hivyo tena. Niliandika juu ya mkeka, juu ya nyumba zilizobaki na nafasi za watu baada ya vita, juu ya giza linalokula chumba kutoka upande mmoja, juu ya mwali mdogo unaokataa kuzimika. Nilijua kila nyumba Kampala ilikuwa na nafasi kama hiyo. Nilijua ya mzee pia, ya mtu wake ambaye hakurudi, alikuwa ametaja mara moja, kwenye ngazi, kwa Kiingereza.

Karatasi ya mwenzangu niliiona juu ya meza. Ilikuwa na mistari minne kwa ule mwandiko wake: giza la kushoto ni masizi, si rangi; ulimi wa machungwa ni jogoo; jina linaweza kusomwa kwa r; naomba isafishwe kwanza ndipo itundikwe.

Mzee alisoma yangu mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ukuta," alisema.

Nilipompelekea kadi ili aitie sahihi aliinama juu yake kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepiga *Mahali pa Mama*. Akaniuliza kama nyuma hapakuandikwa *ya*. Kiswahili chake kilikuwa cha vizuizi vya barabarani, lakini macho yake yalikuwa mazima. Nikasema ndiyo, ni kosa dogo la upatanisho, na si vizuri kumwaibisha mchoraji mbele ya wageni wanaojua lugha. Nilitumia neno upatanisho. Nilitarajia anikumbushe sheria yake mwenyewe, na nadhani naye alitarajia niikumbuke.

"Wewe ndiye mwenye lugha, Madam," alisema, akatia sahihi.

Wiki hiyo hiyo picha iliwekewa ubao mpya nyuma ili isikunjike, na maandishi ya mkaa yakafunikwa. Ubao aliupigilia mwenzangu, peke yake stoo. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Alipofika kwenye namba nilisimama nikimtazama, nikingoja aseme kitu ili nipate cha kujibu. Aliandika namba, akapuliza vanishi ikauke, akasema imekauka.

Siku ya ufunguzi watu walisimama mbele ya picha ile kuliko zote. Mwanamke mmoja alilia. Waziri fulani aliomba kusomewa kadi. Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na kitu kama njaa. Na ndipo yule bibi akauliza alichouliza, akachungulia gizani, akaenda zake kutazama picha nyingine.

Barua ya kazi ilikuja kwa jina langu. Mwenzangu alinikuta nikiisoma ngazini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyompa mkono mzee.

"Hongera, Madam," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. Kisha, akiwa tayari ameshuka ngazi mbili: "Siku moja mumpanguse mama uso."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliisha nilipopata nilichotaka. Uliongezeka. Sasa hapakuwa na mtu wa kunong'ona "ukuta", na ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nikiangalia picha kwa kumwangalia yeye. Mzee aliendelea na chai yake miaka michache, mimi nikiweka picha kitini peke yangu, na nikisema tayari nilikuwa natazama kikombe, sitazami picha. Alipostaafu aliniachia birika, na jedwali langu likiwa bado chini yake, na duara la kahawia katikati.

Nilimwona mwenzangu katika soko la Owino, baada ya muda mrefu. Alikuwa na kibanda cha gomesi na vitenge. Nilisimama mbali kwanza, nyuma ya mwuza mabeseni. Alikuwa ametundika nguo tatu tu, nyingine zote zimekunjwa rafuni, na watu waliokuwa wakipita haraka na mizigo vichwani walikuwa wakifika usawa wa zile nguo tatu na kupunguza mwendo, hata wasiojua kwa nini. Alikuwa na kikombe cha chai. Aligeukia nguo zake, akazitazama, akabadilisha ya katikati, akageuka tena akanywa. Mimi nilikuwa na ofisi, muhuri, na watu wawili chini yangu, na niliumia pale nyuma ya mabeseni kama siku ya kwanza.

Aliponiona alifurahi kweli. Akanikalisha, akaagiza soda. Aliniuliza habari za mzee, na habari za paa la stoo. Kiswahili chake kilikuwa kilekile, nami sikukisahihisha. Nikiwa nanyanyuka kuondoka akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya jamaa mgonjwa:

"Na mama? Bado iko gizani?"

Nikasema bado. Nikasema hatuna mtaalamu. Ilikuwa kweli, na haikuwa sababu. Akatikisa kichwa polepole, akanifungia kitenge kwenye gazeti, akakataa nilipe.

Mtaalamu alikuja miaka mingi baada ya hapo, mwanamke mpole aliyetumwa kwetu kwa miezi mitatu kufundisha vijana kusafisha picha. Aliniuliza aanze na ipi. Ningeweza kumpa yoyote. Nywele zangu zilikuwa zimeanza mvi, nafasi yangu haikuwa ikigombewa na mtu, na bado ulimi ulikuwa mzito nilipomwambia aende ukutani, aishushe ile ya mkabala na mlango.

Alifungua ubao wa nyuma kwanza. Chini ya ubao, maandishi ya mkaa yalikuwa palepale, na kando yake, kwa kalamu ya risasi, katika mwandiko wa shanga ninaoujua, yalikuwa yamenakiliwa tena maneno yote matatu yalivyo, na makosa yake, na alama moja ya kuuliza juu ya herufi *l*. Ndiyo sababu alichukua muda mrefu siku ile. Hakunishtaki mahali popote. Alifuata sheria tu.

Kisha mtaalamu akaigeuza picha, akasokota pamba kwenye kijiti, akailowanisha kwa mate yake mwenyewe, maana hakuna dawa bora kuliko hiyo, alisema, akaanza pembe ya kushoto. Nilikaa kwenye kiti karibu naye kwa siku nne. Siku ya kwanza mwali wa moto ulipata manyoya na jicho, ukawa jogoo. Siku ya pili jogoo akapata mikono ya kijana aliyemshika. Siku ya tatu ulitokea ukuta, na kwenye ukuta taa iliyotundikwa.

Siku ya nne tuliona kwamba mama yuko, na alikuwapo siku zote: amekaa chini nyuma ya kijana mwenye jogoo, miguu ameikunja upande mmoja, amevaa gomesi ya zamani, anautazama mlango ambao wageni wataingilia, na mkono ameuweka mdomoni ili wasimwone akicheka.